Matangazo ya Saa Nane Usiku

Kompyuta ya Mzee Ghanim ilikuwa ya pekee Rumonge kwa sababu moja: programu kuu iliyoiendesha ilikuwa imelipiwa. Mwaka ule wa 2001 mji ulikuwa na kompyuta chache, na zote zilitumia nakala za wizi zilizotolewa Uvira au Bujumbura, katika diski zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino. Ghanim alifanya biashara ya mafuta ya mawese na sabuni. Ukoo wake ulitoka Omani na ulikuwa hapo ufuoni mwa ziwa kabla ya Wabelgiji, na yeye hakuweka kitu cha wizi dukani mwake. Mwanawe Yazid alipoileta mashine kutoka Dubai, ilikuja na sanduku la programu, diski halisi, na hati ya kuthibitisha kwamba mwenyewe amelipa. Hati hiyo Ghanim aliitundika ukutani, karibu na leseni ya biashara.

Shida ni kwamba ile ya kulipiwa ndiyo iliyokuwa na matangazo. Upande wa kulia wa kioo ilikuwepo safu ya vibao vya rangi, kila kimoja cha kampuni ya ng'ambo: habari, safari, michezo, katuni. Upande wa kushoto zilijipanga programu za kujaribiwa ambazo hakuna aliyeziomba. Kila mashine ilipowashwa, dirisha lilifunguka kumwuliza mwenyewe kama angependa kujiandikisha mahali fulani, na halikufungika mpaka libishiwe. Nakala za wizi hazikuwa na mambo hayo. Waliozinakili walikuwa wameshazipunguza ili ziingie katika mashine ndogo na kuukuu.

Aliyeteseka ni Nour, binti wa Ghanim. Alikuwa amefungua sekretariati mbele ya ghala la baba yake, akichapa mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi na karatasi za watu waliopoteza vitambulisho wakati wa kukimbia. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo alitegemea jenereta, na jenereta ilinguruma bure huku mashine ikipanga vibao vyake. Jumatano moja alimwita Mardochée Cikuru.

Mardochée alitoka Bukavu. Alisoma informatique, elimu ya kompyuta, miaka miwili kabla vita vya kwao havijamvusha mpaka na kumweka katika vita vya watu wengine. Alitengeneza redio, friji na kompyuta, na alikuwa na ukaidi mmoja uliojulikana: sentensi aliyoianza kwa Kiswahili aliimaliza kwa Kiswahili, bila kuazima Kifaransa katikati.

"Amahoro, Nour. Mgonjwa yuko wapi?"

"Iko hapa, inaamka. Tangu niiwashe nimekunywa chai na vikombe nimeosha."

Mardochée alivuta kiti. "Dawa rahisi ninayo mfukoni. Nakala ya Uvira. Nafuta hii yote, naweka ile, kesho unafungua kabla chai haijapoa."

Ghanim alikuwa mlangoni, akisikiliza. "Nakala ya nani?"

"Ya watu, Mzee. Inatembea tu."

"Iache itembee. Humu ndani haiingii." Aliionyesha hati ukutani. "Mimi nimelipa."

"Sawa, Mzee. Basi nitabaki na hii yako, nitoe kimoja kimoja usivyovitumia."

"Nilivyovilipia."

"Ulivyovilipia na usivyovitumia."

"Nimelipia na tairi la akiba la gari langu. Silitumii. Umeona nikilitupa?"

"Tairi la akiba halikurukii usoni kila asubuhi, Baba," alisema Nour. "Mwache mutu afanye kazi."

Ghanim alirudi ghalani akinung'unika. Mardochée alianza. Aliondoa programu za majaribio, akafuta mabaki ziliyoyaacha, akaivunja safu ya vibao. Ndani ya mipangilio alikuta kitu kilichomshangaza kidogo: vibao vilikuwa na ruhusa ya kujipatia picha mpya. Kila usiku, kuanzia saa nane, mashine ilitumia laini ya simu ya duka, ikapiga namba ya kampuni ya mtandao ya Bujumbura ambayo Yazid aliiweka ili Nour atume barua-pepe, ikachukua matangazo mapya na kukata.

"Huwa unaizima jioni?" alimwuliza Nour.

"Kioo tu. Mashine Yazid alisema iachwe, betri yake kubwa inaishikilia umeme ukikatika. Asubuhi ndipo naizima na kuiwasha upya."

"Basi ilikuwa inapiga simu nanyi mmelala."

Nour aliguna. "Na bili tulimlaumu Athumani wa watu."

Athumani ndiye aliyelala dukani kama mlinzi. Mardochée alilifuta agizo lile la usiku, akafuta kila alichoona kinahusiana nalo, pamoja na kumbukumbu za simu zilizopita. Hakuwa fundi wa kuacha vumbi kwenye kona. Alipoiwasha upya, mashine ilifunguka mara moja, kioo kikiwa kitupu na cha bluu. Nour aliitazama kwa furaha.

Kesho yake asubuhi askari walimchukua Athumani.

Ofisi ya simu ilikuwa imepeleka kwenye kambi ndogo ya askari, karibu na bandari, orodha ya simu zilizopigwa mjini wakati wa kafyu. Laini ya Ghanim ilionekana kila usiku. Katika wiki hizo magari yalikuwa yameviziwa asubuhi njiani karibu na Gitaza, na watu wamekufa, na askari walimtafuta aliyekuwa akiwapa washambuliaji habari kwa simu. Mtu aliyekuwa na simu usiku, peke yake, katika duka lililofungwa, alikuwa Athumani. Msafara wa magari ya kwenda Bujumbura, wenye ulinzi wa jeshi, ulipangwa kuondoka kesho yake, na Athumani angepandishwa humo kwenda kuhojiwa. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake maana yake. Watu wa Rumonge walijua majina ya waliopelekwa kuhojiwa, na walijua pia wangapi walirudi.

Ghanim alimfuata Mardochée nyumbani kwake. "Utakuja kusema yale uliyomwambia Nour."

"Nitakuja," alisema Mardochée. Jambo lenyewe lilikuwa wazi, na aliamini kwamba likielezwa kwa mpangilio lingekwisha asubuhi hiyohiyo.

Kamanda wa kambi aliitwa Luteni Hubert, mtu wa milimani, mwembamba, asiyepaza sauti. Kiswahili chake alikipata kambini na kwenye redio. Aliwakaribisha chini ya paa la mabati, akamwacha Mardochée aseme.

"Hakuna mtu aliyepiga, Luteni. Mashine ilikuwa inapiga yenyewe."

"Kumpigia nani?"

"Kampuni ya Bujumbura. Ilikuwa inachukua matangazo."

Luteni aliweka kalamu chini. "Matangazo."

"Ndiyo. Yalikuwa mengi ndani. Jana nimeyafuta yote."

Ghanim, ambaye alikuwa ameishi na askari wa kila aina, alifumba macho. Kwa Mardochée tangazo lilikuwa picha ya kampuni inayotaka kuuza kitu. Kwa Luteni Hubert, kama kwa kila mtu aliyejifunza neno hilo redioni wakati wa vita, tangazo lilikuwa kitu kinachosomwa: fulani amefariki, barabara fulani imefungwa, kundi fulani limekiri kushambulia mahali fulani.

"Matangazo ya kundi gani?" aliuliza.

"Si ya kundi. Ya makampuni."

"Kampuni ni askari wangapi kwenu Kongo?"

Mardochée alichelewa kuelewa kwamba kwa mwanajeshi kampuni ni kikosi. Alipoelewa, alifanya alichokuwa hajakifanya muda mrefu: aliazima. "Publicité, mon lieutenant. Reklamu. Watu wanaouza bidhaa."

"Sasa umebadilisha neno."

"Kitu ni kilekile."

"Nimesikia. Kwanza ni matangazo, yanaingia usiku kwa simu, na jana, kabla sijafika, umeyafuta. Leo ni publicité." Hakuwa akidhihaki. Alikuwa akipanga aliyoambiwa. "Saa ngapi mashine ilikuwa inapiga?"

"Saa nane usiku. Imeandikwa ndani."

"Saa nane kamili?"

"Mashine haichelewi."

Luteni alimgeuzia karatasi ya ofisi ya simu. Usiku mmoja simu ilipigwa saa tisa na ushee, mwingine saa nane na nusu, mwingine karibu na alfajiri. Hakuna usiku hata mmoja uliosema saa nane kamili.

"Mimi pia niliuliza," alisema Luteni. "Niliipiga hiyo namba, ikanipigia filimbi sikioni. Nikawauliza wenyewe Bujumbura. Wanasema ndiyo, ni ya internet, na mtu lazima aombe kuunganishwa. Nikajiambia, labda ni mashine. Lakini mashine ingepiga saa ileile, kama ulivyosema wewe mwenyewe. Anayepiga leo saa nane na kesho saa tisa ni mutu. Anangoja barabara ilale."

Mardochée aliisoma karatasi mara ya pili. Alikuwa na hoja nyingine tu, akaitoa: "Inapiga kila usiku. Kwa hiyo lolote linalotokea asubuhi limetanguliwa na simu. Hata ndoa."

"Hilo nimeliona. Ndiyo maana bado tunaongea." Luteni alinyoosha mkono. "Kadi yako ya ukimbizi."

Mardochée alimpa. Luteni aliitia mfukoni.

"Athumani ameniambia mashine huwa inaimba usiku. Askari wamecheka. Mimi sikucheka, lakini siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba mashine inaimba. Nionyeshe. Msafara unaondoka kesho asubuhi."

Walitoka. Barabarani Ghanim hakumlaumu. Alisema tu, "Huwezi kuyarudisha?"

"Diski ipo?"

"Ipo kwenye sanduku lake. Sijawahi kulifungua."

"Basi yatarudi."

"Na itapiga?"

Mardochée alifikiria karatasi ile. "Inapaswa kupiga saa nane."

"Wewe na saa nane yako," alisema Ghanim.

Nour alikuwa na wazo moja la ziada, na ndilo lililowasaidia. Alisema Mardochée asiguse kitu. "Ukigusa, atasema umeipanga. Mwache luteni afanye kwa mukono yake. Wewe sema tu bonyeza hapa, bonyeza pale."

Luteni Hubert alikuja baada ya swala ya adhuhuri akiwa na askari mmoja, ambaye alibaki nje. Alikikalia kiti cha Nour. Mardochée alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Jenereta ilikuwa ikinguruma uani. Luteni alilifungua sanduku mwenyewe, akaikagua diski pande zote mbili, akaitia.

Kazi ilichukua muda mrefu, kwa sababu ile programu iliuliza maswali mengi na luteni aliyasoma yote mpaka mwisho. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, kwa hiyo Nour alifasiri.

"Inasema nini hapa?"

"Inauliza kama unakubali masharti."

"Masharti gani?"

"Ni marefu, mon lieutenant. Hakuna anayeyasoma."

"Nisomee."

Nour alisoma. Ghanim, aliyekuwa ameketi kwenye gunia la chumvi, alisikiliza kwa makini masharti ya kitu alichokuwa amekilipia, na mahali pamoja aliuliza, "Kumbe si yangu?"

"Ni yako kuitumia, Baba. Yenyewe ni ya kwao."

"Yazid hakuniambia hilo."

"Yazid hakusoma."

Mashine ilijizima na kujiwasha. Barua za Nour zilikuwapo, namba ya Bujumbura ilikuwapo. Na upande wa kulia, kimoja baada ya kingine, vibao vilirudi: habari, safari, michezo, katuni. Dirisha la kuuliza kujiandikisha lilirukia katikati.

"Haya ndiyo uliyoyafuta?" aliuliza luteni.

"Ndiyo haya."

Luteni alivitazama kimoja kimoja bila haraka. "Ndiyo, ni publicité," alisema. "Hilo nimeliona. Lakini picha haipigi simu. Sasa nionyeshe saa."

Mardochée alimwelekeza mahali ambapo agizo la usiku liliandikwa. Lilikuwa limerudi na diski. Hakuna aliyeliandika chumbani humo. Kisha alimweleza jinsi ya kusogeza saa ya mashine, na luteni aliiweka dakika chache kabla ya saa nane usiku. Halafu Mardochée alimwomba achomoe kibodi na kipanya. Luteni alivichomoa, akaviweka mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike.

Wote walikitazama kioo. Saa ya pembeni ilifika saa nane kamili.

Hakuna kilichotokea.

Dakika ikapita, na nyingine. Ghanim alikuwa akivuta tasbihi. Nour aliinama kuangalia kama waya wa simu umechomekwa, akaukuta umechomekwa. Mardochée alijaribu kukumbuka kila hatua, akaona hakuna iliyorukwa. Kwa mara ya kwanza alifikiri kwa utulivu kwamba huenda alikuwa amekosea, na kwamba kweli kulikuwa na mtu aliyekuwa akipiga simu ile, na mtu huyo huenda alikuwa Athumani. Alilipima wazo hilo. Halikuwa gumu kuliamini kama alivyotarajia, na hilo ndilo lililomtisha.

"Imekataa," alisema luteni.

"Ngoja kidogo, mon lieutenant," alisema Nour.

"Mashine haichelewi. Fundi wenu kasema."

"Fundi wetu anasema mengi."

Luteni aliangalia saa ya mkononi, akangoja tena, kwa adabu zaidi kuliko kwa matumaini. Mwishowe alisimama, akaweka kibodi na kipanya juu ya meza, akaikung'uta suruali. Alimwambia Ghanim kwamba anaweza kumpelekea Athumani nguo na chakula cha safari, na kwamba atahakikisha vinamfikia. Ghanim alishukuru, murakoze, kwa sauti ndogo. Luteni alikuwa ameshafika mlangoni, akimfanyia askari wake ishara, wakati kijisanduku cha simu kando ya mashine kilipofanya tiki.

Taa yake ndogo iliwaka. Ikasikika sauti ya laini iliyofunguka, kisha namba zikipigwa moja moja kwa mlio mwembamba, kisha filimbi ndefu iliyopanda, ikashuka, ikakwaruza. Kibodi na kipanya vilikuwa mezani, nyaya zao zikining'inia. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa mashine.

Luteni alirudi polepole. Filimbi ilikoma. Vibao vya kulia vilianza kubadilika, kimoja baada ya kingine, na katika kile cha juu ikatokea picha ya mwanamke aliyevaa koti zito, akiwa amesimama kwenye weupe mtupu.

"Anauza nini?" aliuliza luteni.

Nour alisoma. "Viatu vya kutembelea kwenye theluji. Bei imeshuka."

Luteni aliitoa ile karatasi ya ofisi ya simu, akaisoma tena, kisha akaiangalia saa ya mashine. Ilionyesha zaidi ya saa nane na robo. "Kwa nini imechelewa?"

Sasa Mardochée alilijua jibu, lakini alilijua dakika hiyo tu, naye alisema hivyo. "Sikujua, mon lieutenant. Nilisoma saa nane nikadhani ni saa nane. Nadhani saa nane ni mwanzo wa ruhusa. Kutoka hapo inachagua yenyewe. Mashine za namna hii ziko nyingi duniani. Zingepiga zote dakika moja, mlango wao ungeziba."

"Kwa hiyo wamezifundisha zisifanane."

"Ndiyo."

"Kama mutu."

"Kama watu wengi."

Luteni alikaa tena. Alichomeka kibodi na kipanya, akaisogeza saa upya mwenyewe, akavichomoa tena, na mashine ikapiga tena, safari hii mapema zaidi. Hakuomba mara ya tatu. Alichukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ileile ya simu maneno machache ya Kifaransa, akatia sahihi, akamwita askari.

"Muleteni Athumani," alisema. Kisha alikumbuka kadi ya ukimbizi, akaitoa mfukoni akamrudishia Mardochée. "Siku nyingine sema publicité mapema."

"Nitasema."

"Na usifute kitu kabla watu hawajakuuliza."

"Walioniita walitaka kifutwe."

"Mimi sikukuita," alisema luteni. Alielekeza kidole kwenye kioo. "Hii ibaki hivihivi. Bujumbura wanaweza kutuma mtu aitazame. Akifika akakuta kimepungua kitu, nitaanza upya, na sitaanza na Athumani."

Athumani aliletwa kabla ya jua kushuka. Alikuwa amevimba upande mmoja wa uso na hakutaka kueleza. Ghanim alimkumbatia, akamwita ndugu yangu, akamketisha kwenye gunia lake. Nour alimletea wali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Alikula taratibu kwa upande mzima wa mdomo, akiitazama mashine mara kwa mara.

"Niliwaambia inaimba," alisema.

"Uliwaambia kweli," alisema Ghanim.

"Walinipigia hilo hasa, tajiri. Walisema ninawafanya wajinga. Ningesema nilipiga mimi, wangeniacha nipumzike."

Kesho yake msafara uliondoka bila yeye, ukapita Gitaza salama.

Mtu wa Bujumbura hakuja wiki ile, wala mwezi ule. Nour aliendelea kuchapa mialiko ya harusi huku pembeni mwa kioo watu wa nchi za baridi wakiuziwa viatu na safari. Alisubiri kila asubuhi kama zamani. Mardochée alipopita kuchukua kazi nyingine alisimama mlangoni, akavihesabu vibao kwa macho, akaenda zake. Ghanim alimwita mara moja amwulize kama anaweza kupunguza hata kile cha katuni peke yake. Mardochée alisema anaweza, lakini hatapunguza.

Athumani alikataa kuacha kazi na alikataa pia kulala chumba kimoja na mashine. Alihamishia mkeka wake ghalani, katikati ya madumu ya mawese. Kila jioni, kabla ya kafyu, aliingia sekretariati akachomoa waya wa simu ukutani, akaukunja vizuri, akautia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Asubuhi alimkabidhi Nour mkononi, mbele ya mtu yeyote aliyekuwepo, ili pawe na shahidi.